Nataka mchoro wa marehemu baba sebuleni, lakini familia haijakubaliana

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa familia, ninaishi Kigamboni, Dar es Salaam, katika nyumba ambayo mume wangu na mimi tumeijenga kidogo kidogo hadi tukahamia mwaka jana. Sebule yetu ina ukuta mmoja mrefu ambao tangu tuhamie hatujautundikia kitu chochote, kwa sababu moyoni nilikwisha kuutenga kwa ajili ya marehemu baba yangu. Baba alikuwa fundi wa kuunda ngalawa huko Pangani, na sisi watoto wake wote tumesomeshwa kwa tezo na msumeno wake. Hakupenda kupigwa picha. Tuliyobaki nayo ni moja tu, ya pasipoti, aliyopiga kwa ajili ya kitambulisho, nayo imeanza kufifia.

Rafiki yangu alinikutanisha na mchoraji, kijana mwenye adabu, na kazi zake nilizoziona zilinipendeza. Nikamwambia nataka mchoro mkubwa, mita moja na nusu kwa mita moja, wenye uso wa baba kutokana na ile picha, na nyuma yake ngalawa na bahari. Ametaja shilingi 1,500,000 na ameomba nusu kabla ya kuanza. Baada ya siku chache alinitumia kwenye simu mchoro wa haraka wa penseli. Uso sikuutambua vizuri, nikajiambia labda ni kwa kuwa haujakamilika, lakini chombo alichokichora nyuma yake ni jahazi kubwa lisilo na matengo, yaani vile vipande vya mti vya pembeni vinavyoizuia ngalawa isipinduke, ilhali baba hakuunda jahazi hata moja maishani mwake. Niliona haya kumwambia, kwa sababu mimi si msanii na sikutaka nionekane ninamfundisha kazi yake.

Nyumbani nako mambo hayajatulia. Mume wangu hapingi, ila anasema kwa fedha hiyo tungeenda kwenye soko la sanaa la Mwenge tukanunua picha kadhaa nzuri na bado tukabaki na akiba. Kaka yetu mkubwa amekataa kabisa. Sisi ni Waislamu, na yeye anaona si sawa kutundika sura ya mtu katika nyumba inayosaliwa. Mdogo wangu wa kike, kinyume chake, anasema uso wa baba usipoonekana wazi hatachangia hata senti. Mama ninaishi naye hapa hapa, naye amenyamaza. Juu ya yote hayo, mchoraji ameniuliza kama nitamruhusu aweke mchoro huo kwenye ukurasa wake wa mtandaoni na kuuza nakala zake ndogo, nami sikujua la kumjibu.

Je, nimlipe hiyo nusu? Na la jahazi nimwambieje bila kumvunja moyo?

Binti wa Fundi, Kigamboni

*

Marahaba, mwanangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu baba yenu.

Usilipe bado. Sisemi hivyo kwa kumshuku mchoraji wako, kwa maana kuomba nusu ya fedha kabla ya kuanza ni desturi ya wachoraji wengi, nayo ina sababu ya haki: kanvasi na rangi nzuri hununuliwa kwa fedha taslimu, na mteja akighairi katikati ya kazi, mchoraji hubakiwa na sura ya mtu ambayo hakuna mwingine atakayeinunua. Ninakuzuia kwa sababu ninyi wenyewe wanafamilia hamjajua mnamwagiza nini, na mchoraji hata awe hodari namna gani hawezi kuchora jambo ambalo wenyewe bado mnalibishania.

Katika barua yako kila mtu ana neno lake, mume, kaka, mdogo wako, hata mchoraji. Mama peke yake ndiye uliyemtaja kuwa amenyamaza, na hukuniambia kama kuna aliyemuuliza. Yeye ndiye aliyeishi na mzee huyo. Basi kabla ya kuzungumza tena na mtu mwingine, kaa naye jioni moja, umwombe akuelezee mahali baba alipokuwa akifanyia kazi, alikaa juu ya nini, vifaa vyake alivitundika wapi, jua lilimjia kutoka upande gani, na ni hatua gani ya kuunda chombo aliyoipenda zaidi. Usimuulize kwanza kama anataka uso au hataki, kwa sababu swali hilo litamlazimisha achague kati ya watoto wake. Mwache asimulie, nawe uandike au umrekodi kwa simu, na mchoraji akiweza kuwapo, itakuwa bora zaidi, kwa kuwa jicho lake litakamata mambo ambayo wewe umeyazoea mno hata huyaoni.

Sasa nije kwenye ile picha ya pasipoti. Picha ya namna hiyo ina upana wa kama sentimita tatu na nusu tu, na mara nyingi hupigwa kwa taa inayoumulika uso moja kwa moja kutoka mbele, hivyo vivuli ambavyo mchoraji huvitegemea ili ajue pua imeinuka kiasi gani na shavu limebonyea wapi havimo kabisa. Ukiukuza uso huo ukajaza sehemu kubwa ya kanvasi yako, kila ambacho picha haikukihifadhi itabidi mchoraji akikisie, na nadhani kukisia huko ndiko kulikokufanya usimtambue mzazi wako kwenye ule mchoro wa penseli. Mchoraji mzuri anaweza kulipunguza pengo hilo kwa kutazama nyuso za ndugu waliofanana na marehemu, masikio ya kaka yako, paji la uso la shangazi yako. Lakini kulimaliza ni vigumu. Ninaamini kabisa kwamba uso mkubwa sebuleni ambao ni wa baba nusu na wa mtu mwingine nusu utakuumiza kuliko ukuta mtupu. Iwapo utaitumia picha hiyo kwa namna yoyote, ipeleke kwanza dukani iskaniwe kwa ubora wa juu, umpe mchoraji nakala, na ile yenyewe isitoke nyumbani kwako.

Mtu aliyefanya kazi ya mikono miaka mingi hutambulika kwa mambo mengi zaidi ya uso wake. Marehemu Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, akafundisha sanaa Makerere na baadaye akawa balozi wetu wa kwanza London, alitumia maisha yake kuchora watu wa Kilimanjaro wakilima, wakijenga na wakibeba mizigo kati ya migomba, na katika michoro yake watu hao huonekana kwa maumbo na kazi zao kuliko kwa sura zao. Hata hivyo, mtazamaji hana shaka kwamba hao ni watu waliokuwapo, na kwamba mchoraji aliwapenda. Ninakupa mfano huo ili ujue kwamba kumchora mtu bila kuutanguliza uso si njia ya kukwepa ugumu wa kazi, bali ni njia ambayo mabingwa wetu wameifuata.

Hapo ndipo maneno ya kaka yako yanapopata nafasi yake. Mimi si mwanachuoni, na suala la picha za viumbe wenye roho wanachuoni wamelizungumza sana na wakatofautiana, kwa hiyo sitakupa hukumu ambayo si yangu kuitoa. Mwendeeni sheikh mnayemwamini nyote. Ninalojua ni kwamba katika hadithi aliyoipokea Bukhari, Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, alimwambia mtu aliyeishi kwa kazi ya kutengeneza picha kwamba kama hana budi kuifanya kazi hiyo, basi atengeneze miti na vitu visivyo na roho. Ngalawa haina roho, wala tezo, wala mti wa mkungu ulio ufukweni, wala mto Pangani unapoingia baharini. Kaka yako hajakataa kumbukumbu ya baba. Amekataa sura, na hayo ni mambo mawili.

Nionavyo mimi, mchoro unaoutafuta ni wa mahali pa kazi ya baba. Ngalawa ambayo bado inaundwa, gogo lake la mwembe limekwisha kuchimbwa na limelazwa juu ya magogo mengine, matengo yakiwa pembeni yanasubiri kufungwa, vibanzi vya mti vimetapakaa mchangani, tezo imeachwa juu ya ukingo wa chombo pale ambapo mkono uliiweka, msumeno na keekee viko chini ya kivuli, na kama alikuwa akipaka vyombo sifa, yaani mafuta ya papa, basi na lile kopo lake liwepo, jeusi na lenye michirizi, kama mama atakavyolieleza. Kila aliyemjua ataona kwamba fundi ameondoka kidogo. Kwa mdogo wako anayeutaka uso, mchoraji huyo huyo anaweza kuchora picha ndogo ya penseli kutokana na ile ya pasipoti, yenye ukubwa wa kiganja, ambapo upungufu wa vivuli hauonekani sana, naye akaihifadhi katika albamu kwake. Hilo mlizungumze na kaka yenu mapema, msimfanyie kwa siri.

Kuhusu jahazi, mwanangu, haya yako haina mahali hapa. Mchoraji anajua rangi, nawe unajua ngalawa, na mchoro wa penseli huletwa kwa mteja kwa sababu hiyo hiyo, ili makosa yaonekane wakati bado yanafutika kwa raba. Mwambie waziwazi na kwa upole: “Kazi zako ninazipenda, ndiyo maana nilikuja kwako, lakini chombo hiki sicho. Baba aliunda ngalawa, na ngalawa ina matengo pande zote mbili.” Anayeipenda kazi yake atakushukuru. Wala usiishie kumtumia picha za mtandaoni. Huko Kigamboni kwenu ngalawa bado zipo, basi mpeleke ufukweni asubuhi, azizunguke, azichore kwa mkono wake, aone jinsi tengo linavyofungwa kwenye mti wake na jinsi foromali, ule mti wa juu, inavyolibeba tanga. Mchoro wa pili ukija, mwonyeshe mzee mmoja anayejua vyombo kabla hujasema ndiyo. Baada ya rangi kuanza kupakwa, mabadiliko ni gharama mpya, na katika rangi za mafuta kuna jambo jingine: tabaka la juu huzidi kupenyeza mwanga kadiri miaka inavyokwenda, kiasi kwamba mstari uliofunikwa leo unaweza kujitokeza tena baada ya muda mrefu.

Hata hivyo, ukishaikubali rasimu na rangi zake, mwache afanye kazi. Wapo wateja wanaopiga simu kila jioni kuuliza kwa nini anga lina rangi ya zambarau, na matokeo yake ni mchoro usio na roho ya mchoraji wala ya mteja.

Mume wako naye asikilizwe, kwa kuwa fedha ni ya nyumba nzima. Picha za Mwenge hazistahili kudharauliwa. Wachoraji wengi wa huko wanafuata njia iliyofunguliwa na Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa zilizotumika kupaka baiskeli, juu ya vipande vya ubao mgumu vya kama sentimita 60 kwa 60, na ambaye alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Katika miaka hiyo michache aliacha shule nzima ya uchoraji, na hadi leo unaweza kwenda Oysterbay ukawaona wachoraji wa ushirika wa Tingatinga wakiwa kazini na ukawaagiza kazi ya kwako. Lakini twiga wa jua likizama, ambaye huchorwa tena na tena kwa ajili ya yeyote apitaye, hajui habari za baba yako. Mwambie mume wako hivyo, kisha mtembee pamoja Oysterbay na pia Nafasi Art Space kule Mikocheni, ambako wasanii wana karakana zao tangu mwaka 2008, mlinganishe bei za kazi zenye ukubwa unaokaribiana. Mkiona mchoraji wenu yuko juu, mpunguze ukubwa wa mchoro badala ya kumkandamiza bei, kwa sababu mchoraji aliyebanwa sana hubana rangi.

Mkishakubaliana, andikeni. Karatasi moja inatosha, yenye sahihi zenu wawili na shahidi, ieleze mchoro ni wa nini, vipimo vyake, rangi za aina gani na juu ya kitambaa gani, fremu imo katika bei au haimo, utakamilika lini, na mara ngapi unaweza kuomba marekebisho ya rasimu bila kuongeza fedha. Badala ya nusu kwa nusu, mwombe mgawe malipo mafungu matatu: theluthi ya kwanza, yaani shilingi 500,000, mkitia sahihi, ya pili rasimu ikikubaliwa, na ya mwisho utakapoupokea mchoro baada ya kuutazama mchana, si kwa taa. Iandikwe pia kwamba ukighairi baada ya rasimu, fungu la kwanza hubaki kwake, na kwamba yeye akishindwa, atarudisha alichopokea baada ya kutoa gharama za vifaa alivyokukabidhi. Tuma fedha kwa simu ili kumbukumbu ibaki. Kwa mchoro wa penseli aliokwisha kuuchora, mpe kitu. Ametumia muda wake.

Swali la nakala linahitaji uangalifu. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi ya mchoraji katika uhai wake na miaka 50 baada ya kufa kwake, na kununua mchoro ni jambo moja, kuwa na haki ya kuuchapisha na kuuza nakala ni jambo jingine. Msiache hilo likategemea kumbukumbu za mazungumzo. Liwemo kwenye karatasi hiyo hiyo. Ushauri wangu ni kwamba umruhusu auonyeshe kwenye ukurasa wake na katika maonyesho, kwa kuwa hiyo ndiyo njia yake ya kupata mteja mwingine, lakini nakala za kuuza zisiwepo, kwa sababu hayo ni maisha ya familia yenu. Anaweza kukuomba fidia kidogo kwa kuiacha haki hiyo, na si dhambi akifanya hivyo. Nawe, kwa upande wako, usiuchapishe kwenye kalenda za ukoo bila kumuuliza.

Ukubwa wa mita moja na nusu kwa mita moja ulioutaja unakaribiana na ukubwa wa kanga moja iliyofunguliwa. Basi chukua kanga, ibane ukutani mahali unapotaka mchoro ukae, uiache hapo siku kadhaa, upite mbele yake ukiwa na shughuli zako, ukae mkao wa mgeni na mkao wa mwenyeji, ndipo utajua kama ukuta unaubeba au unazidiwa. Kwa kawaida mchoro ulio juu ya kochi hupendeza ukiwa na upana wa kama theluthi mbili za kochi hilo, ukingo wake wa chini ukiwa sentimita 15 hadi 25 juu ya mgongo wa kochi. Na ukiwa peke yake ukutani, katikati yake iwe kama sentimita 150 kutoka sakafuni, macho ya mtu mzima yanapofika. Chunguza pia kama jua la mchana halifiki hapo, na kama ukuta huo unatota wakati wa masika, kwa sababu unyevu na chumvi ya bahari ya Kigamboni huleta ukungu nyuma ya kanvasi kabla hujaona alama yoyote mbele. Mwambie fundi aweke vipande vidogo vya mti kwenye pembe za nyuma ya fremu, ili hewa ipite kati ya mchoro na ukuta. Vumbi liondolewe kwa brashi laini na kavu. Dada wa kazi aelezwe mapema kwamba kitambaa chenye maji hakigusi hapo.

Mwisho, muulize kama anatumia akriliki au rangi za mafuta. Akriliki hukauka kwa saa chache, nayo inaweza kupakwa vanishi mapema na kukufikia ikiwa imekamilika. Rangi za mafuta hukauka juu kwa siku au wiki, lakini zikipakwa kwa unene huhitaji miezi sita hadi kumi na miwili kabla ya kupakwa vanishi ya mwisho. Akichagua za mafuta, ongezeni mstari mmoja kwenye mkataba wenu, kwamba atarudi nyumbani kwako muda huo ukitimia kuipaka vanishi hiyo bila malipo mengine, na nauli yake ya pantoni na bodaboda iwe juu yako.